Majina Matano Juu ya Jalada Moja

Barabara itokayo Embu, ikapita Runyenjes, ikashuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya mpaka Chuka na hatimaye Meru, imegeuka katika muda wa kizazi kimoja kuwa barabara ya vyuo vikuu. Kile cha Kimethodisti kilichoko Meru kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2006. Chuka, na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichosimama Nchiru, vikapata zao mwaka 2013. Na Embu, ambacho kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mahali palipokuwa chuo cha kuwafunza watumishi wa kilimo, kikapata yake mwaka 2016. Sisi tukaao Karurumo, jirani na barabara hiyo, tumejaliwa kwa sababu hiyo neema ambayo wazee wetu hawakuijua: mtoto wa mkulima aweza kuhudhuria mhadhara siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi akawa shambani akichuma kahawa pamoja na mama yake. Na kwa kuwa huja nyumbani mara kwa mara, huja pia na malalamiko yake, na katika malalamiko hayo liko moja ambalo halikosekani muhula wowote, nalo ni lile la kazi ya kikundi.

Habari yenyewe ni hii. Mhadhiri huligawa darasa katika vikundi vya watu watano, sita, au hata kumi, akakipa kila kikundi swali moja na siku moja ya kulirejesha likiwa limejibiwa. Kikundi hufungua jukwaa la WhatsApp, ambalo siku ya kwanza hujaa salamu na vicheko, siku ya pili huulizana nani ataanza, kisha hunyamaza wiki mbili nzima. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mmoja au wawili wenye hofu ya Mungu au hofu ya alama hukesha wakiandika, alfajiri hukimbilia saiba kuchapisha, na hapo ndipo wale waliosalia hufufuka katika simu zao, kila mmoja akituma namba yake ya usajili na maneno machache ya adabu, "Komredi, usisahau jina langu." Basi majina matano hupangwa juu ya jalada moja, alama moja hutolewa kwa wote, na aliyekesha na aliyelala wakaondoka na ijara sawasawa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena watu wa pwani, na sidhani kama walipata kuona ushahidi wa kauli yao ulio dhahiri kupita huu.

Aghalabu watu wakisikia kisa hiki hukimbilia mawaidha. Husema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, kwamba wamelelewa vibaya, kwamba wakati wao watu walisaidiana pasipo kusukumwa. Na mwanachuo hutumwa arudi akawahubirie wenziwe juu ya umoja, jambo ambalo akilifanya hupata sifa ya kujipendekeza na hapati msaidizi. Mimi siafikiani na hukumu hiyo. Kijana huyo huyo asiyeandika mstari mmoja katika kikundi cha chuo, nimemwona akibeba gunia la kahawa begani kutoka shambani hadi kiwandani bila kusukumwa na mtu. Uvivu wake, kama ni uvivu, umechagua mahali pake. Na pahali ulipopachagua ni pale ambapo kazi haipimwi. Vikundi vyetu vya vyuo vikuu havina upungufu wa mawaidha wala wa mapenzi. Vina upungufu wa mizani, na kabla mizani haijaletwa, kila lisemwalo juu ya ushirikiano ni maneno matupu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mhandisi mmoja Mfaransa wa mambo ya kilimo, Max Ringelmann, aliwapa watu kamba wavute, mmoja mmoja kisha kwa makundi, akaipima nguvu yao kwa chombo. Majaribio hayo aliyafanya mwishoni mwa karne ya 19, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1913. Aliona kwamba watu wawili wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa asilimia 93 tu ya nguvu ambayo angeitoa akiwa peke yake; wakiwa watatu, asilimia 85; na wakifika wanane, asilimia 49, yaani chini ya nusu. Sehemu ya upungufu huo yatokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu yatokana na kulegea kwa mkono ujuao kwamba haujulikani. Wataalamu wa nafsi wa Kimarekani, Bibb Latané na wenziwe, walilirudia jambo hilo mwaka 1979 kwa kuwaambia watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakaona ulegevu ule ule. Lakini mwaka 1981 wakaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha maneno yote: watu walipoamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata akiwa katikati ya wenzake, ulegevu ulitoweka. Watu walikuwa wale wale, kelele ile ile, na mawaidha hayakutolewa hata neno moja.

Sasa wale waliokulia katika nchi hii yetu, ambayo juu yake karibu na msitu wa mlima kuna chai, katikati kahawa, na chini kuelekea Mbeere muguka, hawana haja ya kwenda Ufaransa kuutafuta ushahidi. Chama cha ushirika cha kahawa ni kikundi, tena kikundi kilichoundwa na watu wasiochaguana, wanaotofautiana kwa mali, kwa bidii na kwa tabia, wengine hawasemezani kwa ajili ya mipaka ya mashamba. Na hata hivyo kimeishi. Waafrika wa Kenya walikuwa wamezuiliwa kulima kahawa mpaka miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipowaruhusu kwa majaribio, na kwa miche michache, wakulima wa Meru, Embu na Kisii. Kisha mpango wa kilimo wa serikali hiyo wa mwaka 1954, uitwao wa Swynnerton, ukaufungua mlango kwa upana zaidi. Mkulima mwenye miti mia mbili hawezi kununua mashine ya kumenya wala kujenga matangi, kwa hiyo ilikuwa lazima wakusanyike, na walipokusanyika walikutana na swali lile lile linalowatesa makomredi wa vyuoni: tutagawanaje kilicho cha wote bila kumdhulumu aliyetoka jasho?

Jibu lao twaliona kila msimu kwa macho yetu, na kwa sababu twaliona kila msimu hatulitafakari. Mkulima afikapo kiwandani hamwagi kahawa yake katika lundo. Kwanza huimwaga juu ya gunia lililotandikwa, akaketi pamoja na watu wa nyumbani kwake, akachambua mbele ya macho ya watu: zilizoiva vyema upande huu, mbichi na zilizokauka upande ule. Pili, hupeleka zile nzuri kwenye mizani, karani akazipima, akaandika kilo katika kitabu cha chama na katika risiti ya mkulima, ili pawe na vitabu viwili vinavyosema jambo moja. Tatu, na hapo tu, ndipo kahawa yake huingia katika mashine pamoja na ya jirani yake, ikachachushwa katika tangi moja, ikaoshwa kwa maji mamoja, ikaanikwa juu ya meza moja, wala hakuna tena awezaye kusema punje hii ni yangu. Ikiuzwa, kila kilo iliyopimwa hulipwa bei moja kwa kila mwanachama wa kiwanda kile, awe tajiri au maskini.

Angalia hekima iliyofichika hapo. Uzito ni wa mtu, bei ni ya wote. Mwenye kilo 3,000 hulipwa za 3,000 na mwenye 200 hulipwa za 200, lakini wote wawili wanategemea ubora wa tangi moja, na kwa kuwa punje moja tu iliyooza katika tangi yaweza kuacha harufu mbaya katika kahawa ya watu wengi, kila mmoja ana ruhusa, bali ana wajibu, wa kuitazama kahawa ya mwenzake inapochambuliwa. Chuo kikuu nacho, kwa kutoa alama moja kwa majina matano, kimeuchukua uzito na bei kikavichanganya vikawa kitu kimoja. Kimemwambia mkulima wa kilo 3,000 na mkulima ambaye hakuleta kitu kwamba kilo zao ni sawa, kisha kikashangaa kwa nini msimu unaofuata watu hawaleti kahawa.

Simaanishi kwamba vyama hivi ni vya malaika. Sote twajua vyama vilivyofilisiwa na kamati zao, na makarani walioshukiwa kuegemeza kidole kwenye mizani, na malipo yaliyocheleweshwa mpaka watu wakang'oa miti yao kwa hasira. Lakini tazama kwamba ugomvi wote huo ni ugomvi wa mizani na vitabu: mkulima hupiga kelele kwa sababu anayo risiti mkononi inayosema kilo zake ni ngapi. Mwanachuo aliyekesha hana risiti yoyote. Ana neno lake tu, na neno lake likipingwa na watu wanne walioafikiana, huwa mwongo.

Basi kikundi kinachotaka kufanya kazi kwa insafu, hata kama mhadhiri hakukiamuru, chaweza kujipatia mizani yake chenyewe bila gharama. Siku ya kwanza, kabla ya kugawana lolote, waonane uso kwa uso, kwa kuwa simu huwapa wengi nafasi ya kuwapo bila kuwapo. Wachague mtu mmoja wa kuandika yaliyokubaliwa, nani atafanya nini na kwa siku gani, na karatasi hiyo iwekwe mahali ambapo kila mmoja ataiona. Kila sehemu iandikwe katika hati ya pamoja ambayo yenyewe huhifadhi kumbukumbu ya nani aliandika neno gani na saa ngapi, nazo ziko nyingi za bure. Kisha, na jambo hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, siku tatu au nne kabla ya kurejesha, wakae tena kuchambua: kila mmoja asome sehemu za wenziwe zote, si yake tu, na aulize asilolielewa. Makomredi wana desturi ya kugawana swali vipande vipande, wewe utangulizi, mimi sababu, yule hitimisho, kisha kuviunganisha usiku wa mwisho bila mtu hata mmoja kuvisoma vyote. Na matokeo yake ni insha ambayo ukurasa wa pili wasema mvua ilipungua na ukurasa wa tano wasema iliongezeka. Huko ndiko kuvuta kamba kwa wakati tofauti alikokuona Ringelmann, na hakuponywi na bidii ya mtu mmoja mmoja hata iwe kubwa namna gani.

Na akipatikana ambaye sehemu yake haikuiva, afanyweje? Hapa tena kiwanda kina adabu ya kutufundisha. Kahawa mbichi au iliyokauka mtini haitupwi, na mwenyewe hafukuzwi chamani. Hutengwa, huanikwa peke yake ikawa mbuni, na huuzwa kwa bei ya mbuni, ambayo ni ndogo. Kikundi chenye busara hufanya vivyo hivyo: sehemu dhaifu huonyeshwa mwenyewe mapema, akapewa nafasi ya kuitengeneza, na akishindwa, hati yenyewe iseme waziwazi kwamba sehemu hii ilikuwa ya fulani na ikaandikwa upya na fulani. Kulifuta jina la mtu usiku wa mwisho bila kumwambia, kama ninavyosikia ikifanyika, ni kisasi wala si haki. Na kuliacha jina kwa kuogopa kuitwa msaliti ni ushahidi wa uongo uliotiwa saini na watu watano.

Lakini kabla ya kumhukumu asiyeonekana, yafaa aulizwe yuko wapi. Wapo wanachuo ambao mkopo wa serikali haujawafikia hadi katikati ya muhula, na ambao siku zao hugawanyika baina ya darasa na kibarua. Wapo wasio na bando la kuwatosha kusoma ujumbe mia mbili wa kikundi ili kulipata neno moja la maana. Na wapo mabinti wanaokaa nje ya chuo katika vyumba vya kupanga, ambao kikao kikiitwa saa tatu usiku maktabani hawawezi kuhudhuria bila kuhatarisha maisha yao wanaporejea, nao husajiliwa kuwa wavivu kwa sababu walikuwa na akili. Kikao cha saa saba mchana baada ya mhadhara kingeondoa nusu ya uvivu huo. Mizani nzuri hupima alicholeta mtu, haipimi mara ngapi alionekana akiketi.

Yuko mwingine ambaye mimi, nikiruhusiwa kusema ukweli, namwogopa kuliko mvivu. Huyu ni yule hodari, aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao na aliyeapa kutoshushwa na mtu, ambaye akigawiwa kikundi huwatazama wenziwe mara moja, akakata shauri kwamba hawafai, akaichukua kazi yote akaifanya kwa siku mbili, kisha akazunguka muhula mzima akihadithia jinsi alivyoachiwa mzigo. Hakuachiwa, aliunyakua. Aliwanyima wenziwe nafasi ya kujifunza ambayo wazazi wao wameilipia kwa kahawa ile ile waliyoilipia wazazi wake, na amejinyima mwenyewe jambo la pekee ambalo kazi ya kikundi ilikusudiwa kumpa, yaani kufanya kazi na mtu asiyekuwa yeye. Ghururi hii huvaa nguo za bidii, ndiyo maana hupongezwa. Nayo mizani huidhihirisha vizuri kama inavyoudhihirisha uvivu: kikundi ambacho mtu mmoja ameleta kilo zote kina ugonjwa, na mhadhiri akiuona katika kumbukumbu anapaswa kuwauliza wote watano, akianza na huyo mmoja.

Wako watakaosema kwamba kupimana hivi ni kuua roho ya harambee, na kwamba ndugu hawaandikiani vitabu. Nawaheshimu, lakini nadhani wanasahau jinsi harambee zenyewe zilivyoendeshwa: kila mchango ulisomwa hadharani kwa jina na kiasi, shilingi kumi ya mjane na elfu ya mbunge, na daftari likawekwa. Hata watoto wetu wa mtaala wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza linatarajiwa kugonga milango ya vyuo vikuu mwaka 2029, wamezoezwa tangu madarasa ya chini kufanya kazi kwa vikundi. Lakini mzazi yeyote wa Karurumo aliyepata kukata maboksi na kubandika gundi saa nne usiku ajua vyema kazi ile ilikuwa ya nani, na kwamba alama zilizotolewa asubuhi zilikuwa zake. Wakifika vyuoni na desturi hiyo, lawama haitakuwa yao peke yao.

Wahadhiri wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Husema kwamba madarasa yamefurika. Kwamba ukiwa na wanafunzi 200, vikundi ndivyo vinavyokuokoa, kwani utasahihisha hati 40 badala ya 200. Na kwamba hakuna saa za kumpima kila mtu. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ina faida ya ukweli, kwa maana inakiri kwamba kikundi kiliundwa kwa ajili ya kumpunguzia mhadhiri kazi kabla ya kuundwa kwa ajili ya kumfundisha mwanafunzi. Sehemu ya mwisho siikubali. Katika vyuo vyetu vingi tathmini ya muhula huchukua alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Tuseme kazi ya kikundi imepewa 10 katika zile 30. Sita ziwe za hati, zilipwe kwa wote sawasawa. Nne ziwe za mtu, zitolewe baada ya kikundi kuitwa kwa dakika 10 na kila mmoja kuulizwa swali moja juu ya sehemu ambayo hakuiandika. Vikundi 40 kwa dakika 10 ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kwa muhula mzima, ambazo zaweza kugawanywa katika alasiri tatu. Na kama mhadhiri mwenyewe ni wa muda, alipwaye kwa saa alizosimama darasani na wakati mwingine akangoja malipo hayo miezi mingi, basi saa hizo ziandikwe katika hesabu yake, na chuo kimlipe.